Breki ya Mbele Ikianza Kulegea, Usiseme "Malizia Oda za Leo Kwanza"



Leo siongelei kupiga picha za bidhaa, wala jinsi ya kumjibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho ngapi". Leo ni breki. Najua kuna watakaosema huyu dada kachanganyikiwa, ukurasa wa biashara na breki za pikipiki wapi na wapi. Nivumilie kidogo, utaelewa.

Mimi nauza vyombo vya jikoni mtandaoni, nipo Mwanza. Nimeishia fomu foo, na ufundi sijausomea popote. Nina pikipiki moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika, mbele ina breki ya diski, na mdogo wangu wa kiume ndiye anayepeleka mizigo. Anayeijua Mwanza anajua milima yetu. Oda ya Bugando unapanda kweli, na ukirudi unashuka kweli.

Asubuhi moja dogo akaniambia, "Dada, breki ya mbele siku hizi inaingia ndani sana. Mpaka niipampu ndiyo inashika." Nilikuwa na oda saba na wateja wanapiga simu. Nikamjibu, "Malizia za leo kwanza, kesho tutaipeleka kwa fundi." Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Siku ya tatu anashuka kutoka Bugando na boksi la glasi nyuma, daladala ikasimama ghafla mbele yake. Akabana ya mbele, mkono wa breki ukaenda mpaka ukagota kwenye mpini. Akakanyaga ya nyuma kwa nguvu, tairi likateleza, akaingia mtaroni. Mfupa wa bega ukavunjika.

Glasi nilizilipa. Pikipiki ikatengenezwa. Lakini zile wiki za kumwona mdogo wangu anavalishwa shati, na mama ananiangalia bila kusema neno, hizo sijui nizilipe na nini.

Unajua kilichokuwa kimeharibika? Washa ya shaba kwenye kiungo cha mpira wa breki. Kidude kama pete ya mtoto. Ilikuwa inavuja kidogo kidogo, oili ikipungua, upepo ukiingia. Breki ilikuwa inasema siku tatu nzima. Dogo aliisikia, mimi ndiye niliyeziba masikio.

Baada ya hapo nikaenda kukaa gereji Jumamosi tatu mfululizo, nikawa naangalia na kuuliza. Siku ya kwanza vijana walinicheka. Siku ya tatu walinipa spana nishike. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata pale na niliyoyafanya kwa mikono yangu tangu siku hiyo.

KWA NINI YA MBELE?

Ukiwa ndani ya daladala, dereva akishika breki ghafla wote mnaenda mbele. Pikipiki ni hivyo hivyo. Ukibana breki, uzito unahamia tairi la mbele, la nyuma linabaki jepesi. Ndiyo maana kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki inafanywa na breki ya mbele, na ndiyo maana ukitegemea ya nyuma peke yake tairi linateleza.

Kuna vijana wanaiogopa kabisa, wanasema "ya mbele inaangusha". Kinachoangusha ni kuibana kwa ghafla, au kuibana ukiwa umelala kwenye kona, au juu ya mchanga. Ukiwa umenyooka, bana taratibu ukiongeza nguvu, pamoja na ya nyuma. Ukiwa na kijana anayepeleka mizigo yako, muulize leo anatumia breki ipi. Jibu linaweza kukushtua.

KWANZA JUA YA KWAKO NI AINA GANI

Angalia tairi la mbele. Ukiona sahani ya chuma yenye matundu pembeni ya rimu, hiyo ni breki ya diski. Inatumia oili: ukibana mkono, oili inasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi mbili zinabana sahani. Kile kidude kinachobeba pedi kinaitwa kalipa. Pale juu kwenye usukani, chini ya kikopo cha oili, ndipo ilipo masta silinda.

Usipoona sahani, ukaona bakuli la chuma katikati ya rimu na waya unaoshuka mpaka pale, hiyo ni breki ya dramu. Ndani kuna brekishuu mbili zinazotanuka na kusugua dramu. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za hivi. Haina oili, kwa hiyo shida zake ni tofauti. Nitazieleza mwishoni.

KIPIMO CHA ASUBUHI, DAKIKA TATU TU

Kabla mzigo wa kwanza haujafungwa, fanya hivi:

1. Bana mkono wa breki. Unatakiwa kuwa mgumu mapema, kabla haujakaribia mpini. Ushikilie hivyo kama nusu dakika. Ukiona unazidi kuzama taratibu, hiyo pikipiki haitoki.

2. Nyoosha usukani, angalia kidirisha cha kikopo cha oili. Oili iwe juu ya alama ya chini. Ikiwa nyeusi kama kahawa, imezeeka.

3. Washa tochi ya simu, mulika pedi. Nyingi zina mfereji mdogo wa alama. Mfereji ukiisha, au kile kinachosugua kikibaki chini ya milimita 2, badilisha.

4. Pitisha kitambaa kikavu kwenye viungo vya mpira wa breki, juu na chini. Kikitoka na unyevu, kuna kuvuja.

5. Sukuma pikipiki kwa mkono, bana ya mbele. Isimame. Achia. Iende bila kugoma.

Diski ikiwa na maji au vumbi hiyo siyo shida, futa tu. Lakini hayo matano usiyaruke hata siku moja.

SASA DALILI NA MAANA YAKE

1. Mkono ni laini kama unabana sponji, ukipampu unakuwa mgumu.

Huo ni upepo ndani ya mfumo. Oili haibonyei, upepo unabonyea, kwa hiyo nguvu ya vidole vyako inaishia kubonyeza upepo badala ya kubana diski. Dawa ni kutoa upepo, nitaeleza hapo chini. Ila jiulize umeingiaje. Upepo hauingii wenyewe. Au kuna kuvuja, au oili ilishuka mpaka chini kabisa, au mtu alifungua mfumo akafunga ovyo. Ukitoa upepo bila kuziba ulipoingilia, wiki ijayo utarudi pale pale. Hii ndiyo iliyomkuta mdogo wangu.

2. Mkono ni mgumu mwanzoni, ukiushikilia unazama.

Kama hakuna unyevu popote nje, basi mipira ya ndani ya masta silinda imechoka, oili inarudi nyuma ya pistoni. Inauzwa seti ya ukarabati, wakati mwingine unabadilisha masta silinda nzima. Hii mpe fundi.

3. Mkono ni mgumu, lakini pikipiki haisimami.

Hapa nguvu inafika ila pedi hazishiki. Mara nyingi kuna mafuta kwenye pedi au diski. Yanatoka wapi? Angalia sili ya shokapu ya mbele, ikivuja mafuta yanaweza kushuka mpaka kwenye diski. Au ulipeleka kuoshwa wakaipaka mafuta ing'ae, na diski ikapata yake. Waambie kabisa, "Huku kwenye diski msipake kitu." Diski isafishe kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zilizokunywa mafuta usihangaike nazo, nunua nyingine. Na kama ni sili ya shokapu, anza na hiyo, la sivyo na pedi mpya zitaloa.

Pia pedi zinaweza kuwa zimeungua juu, zinang'aa kama kioo. Msasa kidogo unaweza kusaidia kama bado ni nene.

4. Tairi la mbele ni zito, breki haiachii.

Utaona petroli inaisha haraka na diski inakuwa ya moto hata kama hukushika breki sana. Usiiguse kwa kidole, inaunguza. Kuna sababu tatu za kuangalia. Ya kwanza, pistoni ya kalipa imejaa uchafu na kutu, haitaki kurudi. Ya pili, zile pini ambazo kalipa inatelezea zimekauka. Ya tatu, oili imejazwa kupita alama ya juu, au kile kitundu kidogo cha kurudishia oili ndani ya masta silinda kimeziba. Usipuuze hii ukidhani ni breki kali. Oili ikichemka inatoa povu la mvuke, na mvuke nao unabonyea. Unaweza kuanza mteremko una breki ukamaliza huna.

5. Kelele.

Mlio mwembamba mara nyingi ni vumbi au pedi za bei chee. Safisha, sikiliza tena. Lakini ukisikia chuma kinakwaruza chuma, pedi zimeisha na sasa unakula diski. Simamisha kazi. Pedi ni bei ndogo, diski siyo.

6. Ukibana, mkono unatetemeka au usukani unagonga.

Diski imepinda, au beringi za usukani zimelegea. Zungusha tairi likiwa juu, angalia kama diski inayumba. Diski nyingi zimechongwa unene wa chini unaoruhusiwa kwenye chuma chenyewe. Ukifika hapo, hakuna cha kuchonga wala kunyoosha, badilisha.

KUHUSU OILI YA BREKI

Jina lisikudanganye. Oili ya breki siyo oili ya injini. Ukiweka ya injini, mipira yote ya ndani inavimba na kuharibika, na hapo ni kununua karibu kila kitu. Soma kifuniko cha kikopo, kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Weka hiyo hiyo. Ile ya DOT 5 ni ya silikoni, usichanganye nayo kamwe.

Oili hii inavuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi dukani mwaka mzima usiinunue hata ukiuziwa nusu bei. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Na ile ya ndani ya pikipiki ibadilishwe kila miaka 2 hata kama haijavuja. Pia inababua rangi, kwa hiyo funika tanki na kitambaa, na ikidondoka mwagia maji mara moja.

Jambo lingine: oili ikishuka usikimbilie kuongeza. Breki hailambi oili kama injini inavyokunywa petroli. Ikishuka ni mawili, pedi zimelika na pistoni zimesogea mbele, au inavuja. Tafuta kwanza ni lipi.

KUTOA UPEPO, HATUA KWA HATUA

Unahitaji spana inayoenea kile kinati cha kutolea upepo (nyingi ni namba 8), kimpira chembamba kinachoonyesha ndani, chupa tupu ya maji, oili mpya, na mtu wa pili.

1. Safisha juu ya kifuniko cha kikopo ndipo ufungue. Mchanga ukiingia humo umejitafutia.
2. Kwenye kalipa kuna kinati chenye tundu katikati na kofia ya mpira. Toa kofia, vesha kimpira, ncha nyingine itumbukize kwenye chupa yenye oili kidogo.
3. Mwenzako abane mkono mara tatu nne taratibu, kisha aushikilie.
4. Wewe legeza kinati robo mzunguko. Oili na mapovu vitatoka, mkono utazama. Kaza kinati KABLA mwenzako hajaachia. Akiachia kikiwa wazi, mnavuta upepo upya.
5. Rudia. Kila baada ya mara tatu nne angalia kikopo, ongeza oili. Kikiisha mnaanza upya.
6. Mapovu yakikata na mkono ukawa mgumu, kaza, jaza mpaka alama, funga. Bana kwa nguvu, kisha kagua kama kuna unyevu.

Mara ya kwanza mimi na dogo tulitumia saa nzima na tukanuniana. Sasa hivi tunamaliza kabla chai haijapoa.

KUBADILISHA PEDI

Hili unaweza ukijifunza mara moja mbele ya fundi. Fungua kalipa, toa pini na pedi. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, isugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, halafu kausha. Usipoisafisha, unasukumia uchafu ndani ya mpira na kesho itagoma. Sukuma pistoni taratibu, ukiangalia kikopo cha juu kisifurike. Pini za kutelezea paka grisi ya breki kidogo tu, siyo grisi ya beringi, na isiguse pedi. Kalipa usiiache ikining'inia kwenye mpira wake, ifunge kwa kamba.

Sasa sikia hili vizuri, maana linaua. Ukimaliza, pistoni ziko mbali na diski. Mkono wa breki utaingia mpaka mwisho mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. LAZIMA upampu pikipiki ikiwa imesimama mpaka mkono uwe mgumu, ndipo upande. Kuna watu wamefunga pedi mpya safi kabisa, wakawasha, wakaingia barabarani bila breki.

Na pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo endeshwa taratibu, breki za kubana polepole, mpaka zikae.

KWA WENYE DRAMU

Shida ya kawaida ni mkono kuwa na mchezo mwingi. Kwenye ncha ya mkono, mchezo wa sentimita 2 hadi 3 unatosha kwa nyingi, kitabu cha pikipiki yako kina kipimo chake. Kaza nati ya chini kwenye waya, zungusha tairi uone linazunguka bila kugoma.

Mkono ukiwa mzito kurudi, angalia waya. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, hata moja, badilisha leo. Waya hausubiri ukatike nyumbani, unakatika siku unapoubana kwa nguvu zote.

Utajuaje brekishuu zimeisha? Bana kabisa, angalia kile kimkono cha chini kwenye dramu. Kikivuka pembe mraba na waya, au mshale ukifika alama, zimeisha. Hapo kuna ujanja wa mtaani: wanachomoa kile kimkono, wanakihamisha jino moja, breki inaonekana imepona. Kataa. Kidude cha ndani kinachotanua brekishuu kinaweza kupinduka na kukwama, tairi la mbele likafunga ukiwa kwenye mwendo.

Ukifungua dramu, vumbi usilipulize kwa mdomo, futa kwa kitambaa kibichi. Mapafu ni yako. Na ukipita kwenye dimbwi, bana kidogo kidogo ukiwa unaenda ili ikauke, kabla hujaihitaji.

YA KUMWACHIA FUNDI

Masta silinda, pistoni zilizoganda, mpira wa breki uliovimba au kupasuka, diski iliyopinda. Hizo mlipe anayejua. Lakini nenda ukiwa unaweza kusema, "Mkono unazama nikiushikilia, na hakuna unyevu nje." Fundi akisikia hivyo anajua hawezi kukubadilishia vitu vitatu vizima. Hasa sisi kina dada, wanatuona tunakuja tu na pochi.

Spea, chukua ile ya zamani mkononi ulinganishe dukani. Pedi isiyo na jina wala boksi, inayobomoka ukiikwaruza kwa ukucha, iache hapo hapo.

LA MWISHO

Kwangu sasa kuna sheria moja. Dogo akisema breki, oda zinasimama. Namwandikia mteja, "Samahani, pikipiki ina shida ya breki, mzigo utakufikia kesho asubuhi." Nilidhani nitapoteza wateja. Wachache wamelalamika, wengi wamejibu "sawa, poleni". Ikibidi mzigo ufike leo, nakodi bodaboda mwingine nakata kwenye faida yangu.

Na kijana wako asiogope kukwambia. Ukimfokea kila anapoleta habari ya pikipiki mbovu, siku nyingine atanyamaza, atapanda, atashuka mlima.

Mdogo wangu amepona, bega linamuuma kukiwa na baridi. Bado anashuka Bugando na mizigo yangu. Kila asubuhi nabana ile breki mimi mwenyewe kabla hajaondoka, na yeye ananicheka. Acha acheke.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua simu kuangalia oda, nenda ukabane yako. Halafu mtumie hii mwenzako mwenye pikipiki ya kupelekea mizigo.